Stata ya gari: maswali ninayoulizwa kila siku gereji

Mi ni fundi umeme wa magari, niko Dar, na haya maswali nayajibu kwa mdomo karibu kila siku nikiwa nimelala chini ya gari ya mtu, kwa hiyo nimeona niyaweke hapa kwa kirefu. Kilichonisukuma zaidi ni kwamba watu wanakuja na stata nyingine kwenye kiroba, wameshalipa, wanataka nifunge tu, na nikipima nakuta ile ya zamani ni nzima kabisa, tatizo ni nati ya betri au waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Inaniuma kwa kweli, maana hiyo hela mara nyingi ni ada ya mtoto. Soma taratibu ujue cha kuuliza kabla hujatoa pesa.

Stata kazi yake nini hasa?

Kuizungusha injini mpaka ijiweze. Injini ya petroli au dizeli ikiwa imesimama haiwezi kuanza yenyewe, lazima kwanza pistoni zipande na kushuka, zivute hewa na mafuta, zikandamize, ndo moto ushike. Sasa nani azizungushe wakati hakuna kilichowaka bado? Ni kama jiko la mkaa, mwanzo lazima ulipepee, likishashika linaendelea lenyewe. Stata ndo inayopepea. Inaisukuma injini mpaka mizunguko kama 200 kwa dakika hivi, injini ikishika inapanda yenyewe mpaka 700 au 800 ya sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, na hapo stata kazi yake imeisha. Sekunde moja, mbili, basi.

Nikigeuza ufunguo, huko ndani kunatokea nini?

Hapa nitakaa kidogo maana ukielewa hapa, mengine yote yanajifungua.

Ukigeuza ufunguo mpaka mwisho unapeleka umeme mdogo tu, kwenye waya mwembamba. Umeme huo unapita kwenye swichi ya gia kama gari ni otomatiki, yaani lazima uwe kwenye P au N, au swichi ya klachi kwa baadhi ya manyuo, yaani gari za gia za mkono, alafu unaenda kwenye rilei, swichi inayofungwa na umeme wenyewe, alafu unashuka mpaka kwenye solenoidi, kale kapipa kadogo kaliko juu ya stata. Ufunguo wako haubebi umeme wa kuzungusha injini hata kidogo, ungebeba ungeyeyuka mkononi. Ufunguo unatoa amri, na solenoidi ndo inayoitekeleza.

Ndani ya solenoidi kuna koili mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia, na katikati kuna kipande cha chuma kinachoteleza. Koili zikipata umeme zinakuwa sumaku, kile chuma kinavutwa kwa nguvu, na kikivutwa kinafanya kazi mbili kwa mpigo. Upande mmoja kinasukuma mbele bendeksi, ile sehemu yenye kagia kadogo, kwa stata nyingi kupitia kauma kanakofanya kama mpini wa pampu, mpaka meno ya kale kagia kadogo yaingie kwenye meno ya ring gia iliyozunguka flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini. Upande wa pili kinasukuma kisahani cha shaba kigonge bolti mbili nene, moja inatoka betri moja kwa moja, nyingine inaingia kwenye mota. Kisahani kikigusa, umeme wote wa betri unamwagika kwenye mota na injini inazunguka.

Kuna kitu kimoja hapo mi bado nakipenda mpaka leo pamoja na miaka yote hii. Ile koili ya kuvuta umeme wake unapitia ndani ya mota, kwa hiyo hata kabla kisahani hakijagusa mota inaanza kujizungusha polepole sana, na huko kujizungusha ndo kunasaidia meno ya bendeksi yatafute nafasi kwenye ring gia badala ya kugongana uso kwa uso. Alafu kisahani kikishagusa, koili ya kuvuta inapata umeme sawa pande zote mbili, kwa hiyo inazimika yenyewe bila mtu kuizima, inabaki ile ya kushikilia tu ambayo inakula umeme kidogo, na betri yote inabaki kwa ajili ya mota. Waliobuni walifikiria kweli.

Unachosikia wewe kwenye usukani ni "ka!" ya solenoidi na "nge-nge-nge" ya injini, vinafuatana haraka mpaka vinakuwa sauti moja. Jifunze kuvitofautisha.

Kagia kadogo vile kanawezaje kuzungusha injini nzima?

Kwa sababu ni kadogo. Bendeksi ina meno kama 9 au 10 hivi na ring gia ina meno zaidi ya mia, kwa hiyo stata inazunguka mara kumi na zaidi ndo injini izunguke mara moja. Ni kama baiskeli ya gia nyepesi mlimani, miguu inachakarika ila unapanda. Stata nyingi za kisasa zina gia nyingine tena humo humo ndani, mota inakuwa ndogo inazunguka mbio zaidi, ndo maana stata ya gari mpya unaibeba kwa mkono mmoja wakati ile ya Land Rover ya zamani ilikuwa mzigo.

Na mota ya namna hii ina tabia ya kipekee, nguvu yake kubwa kabisa inaitoa ikiwa imesimama, pale pale inapoanza, na ndo wakati injini inapokuwa nzito zaidi.

Kwanini waya wa betri ni mnene hivyo?

Hili ndo swali ningetaka kila mwenye gari aulize. Stata ya gari ndogo ya petroli inaweza kula ampea 100 mpaka 200 ikiwa inazungusha, sekunde ya kwanza hata zaidi. Chukua 150, zidisha kwa volti 12, unapata wati 1800, ni kama birika la umeme la kuchemshia chai. Lakini birika linatumia volti 230, kwa hiyo ampea zake ni kama 8 tu na waya wake ni mwembamba. Kwenye gari volti ni 12, ili upate nguvu ile ile lazima ampea ziwe nyingi mno, na ampea nyingi zinataka njia pana na safi.

Sasa angalia kinachotokea kukiwa na ule unga mweupe wa kijani kijani kwenye temino ya betri. Kikwazo kidogo sana, cha sehemu moja tu ya mia ya omu, ukipitisha ampea 150 hapo unapoteza volti 1.5. Stata imeshanyimwa. Taa za dashibodi zitawaka vizuri, redio itaimba, honi italia, kwa sababu hizo zinakula ampea chache na kikwazo kile hazikioni, alafu wewe unasema "betri ni nzima, si unaona redio inapiga, kwa hiyo ni stata". Huo ndo mtego wanaonasa watu wengi kuliko mwingine wowote.

Kuna mama mmoja aliletwa kwangu na Noah ya zamani, inavutwa kwa kamba. Gari ilikuwa imetoka gereji nyingine kubadilishwa gasketi ya silinda hedi, tangu irudi inazunguka kwa uvivu, na huko huko wakamuuzia betri, haikusaidia, wakamuuzia stata, haikusaidia, sasa walikuwa wanamwambia injini imekaza. Nikafungua boneti, nikaweka multimita kwenye betri, 12.6, betri nzuri. Nikamwambia kijana apige stata, betri ikabaki karibu 11, yaani betri haikuwa inaombwa hata umeme wa kutosha. Nikahamisha nyaya za mita, moja kwenye temino hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini yenyewe, apige tena, mita ikasoma volti 3. Hapo palitakiwa pasome chini ya nusu volti. Volti 3 zilikuwa zinapotea kwenye athi. Nikagusa kebo ya akselereta, ilikuwa ya moto, maana umeme ukikosa njia yake unatafuta yoyote inayounganisha injini na bodi. Nikachukua waya wa kubusti, upande mmoja hasi ya betri, upande mwingine kwenye injini, apige stata, ikawaka kwa mara ya kwanza kama gari ya shoo. Bolti ya waya wa athi walipokuwa wanarudisha injini waliifunga juu ya rangi na kutu. Msasa, spana, dakika kumi. Yule mama aliuliza "sasa ile betri na stata?" na sikuwa na la kumjibu.

Inasema "ka" mara moja tu alafu kimya, hiyo ni nini?

Kwanza temino na betri, kila mara anza hapo. Washa taa kubwa usiku au mbele ya ukuta, alafu piga stata ukiziangalia. Zikififia mpaka karibu kuzima, betri ni dhaifu au temino ni mbaya. Zikibaki zinang'aa vile vile huku unasikia "ka" moja nzito kutoka chini, umeme haufiki kwenye mota, na mara nyingi ni zile shaba za ndani ya solenoidi au kaboni za stata zimeisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka.

Hizo shaba nataka uzijue. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini ukifungua bolti tatu za mfuniko nyuma ya solenoidi unavikuta viwili, vipande vya shaba vilivyopinda, na mara nyingi kimoja kimeliwa upande mmoja, kina kishimo cheusi kama jino bovu. Kila ukiwasha gari kisahani kinagonga pale na cheche inachota shaba kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja kisahani kinafika lakini hakigusi vizuri. Ndo ile gari inagoma leo mara moja, kesho mara tatu, ukirudia rudia ufunguo mara ya kumi inakubali. Vishaba hivyo vinauzwa peke yake na bei yake hailingani hata kidogo na stata nzima. Kwa hiyo fundi akisema "stata imekufa", muulize kwa upole, "fundi, umezifungua shaba ukaziona?"

Na ikisema "ka-ka-ka-ka-ka" mfululizo?

Hiyo karibu kila mara ni betri imeisha au temino imelegea. Solenoidi inavuta, kisahani kinagusa, mota inaomba umeme, betri inaanguka, koili ya kushikilia inakosa nguvu, inaachia, betri inapumua, solenoidi inavuta tena. Stata hapo haina kosa. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma 12.6, ikisoma 12.0 imebaki robo hivi, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 kwa joto letu la huku. Gari ikishawaka pima tena, ikisoma 13.8 mpaka 14.4 altaneta inachaji, ikibaki 12 na kitu basi betri mpya haitakusaidia, kesho utakwama tena.

Kimya kabisa, hata "ka" hakuna?

Kama ni otomatiki sogeza gia kwenye N ujaribu tena, swichi ya P inachakaa na watu wengi wanavutwa mpaka gereji kwa jambo la kusogeza gia tu. Ikikubali kwenye N unajua tatizo lilipo. Ikikataa, angalia fyuzi, rilei ya stata, na kale kawaya kembamba kanakoingia kwenye solenoidi, kanachomoka hasa gari ikiwa imetoka kushushwa giaboksi.

Gari ya kitufe, zile za pushi stata, ukibonyeza na hujakanyaga breki haipigi stata, inawasha dashibodi tu. Sasa swichi ya taa za breki ikifa gari inadhani hujakanyaga. Mwambie mtu asimame nyuma uone kama taa za breki zinawaka, zisipowaka umeshajua.

Stata inalia "vyuuu" lakini injini haizunguki

Mota inazunguka tupu. Ama bendeksi imeisha, ama meno ya ring gia yameliwa. Ndani ya bendeksi kuna klachi ya njia moja, ambayo stata ikiisukuma inashika, injini ikiisukuma inateleza. Ipo kwa sababu ya usalama: injini ikishawaka kwa mizunguko elfu moja na gia ni mara kumi na tano, kama bendeksi ingebaki imeshikana stata ingezungushwa mara elfu kumi na tano kwa dakika na amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ingepasuka vipande. Hiyo klachi ikichakaa inateleza pande zote mbili, ndo hiyo "vyuuu". Kubadilisha bendeksi peke yake inawezekana.

Ring gia ni habari nyingine, giaboksi lishuke. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza wa meno, na mara nyingine inakubali mara nyingine inakataa, kwa sababu injini ya silinda nne ikizimwa inapenda kusimama sehemu zile zile mbili, kwa hiyo meno yanaliwa pale pale. Kwa manyuo, ufunguo ukiwa umezimwa, weka gia ya nne, sukuma gari kidogo injini isogee, rudisha nyutro, jaribu. Ikikubali, ndo hiyo.

Fundi wangu anaigonga stata na spana gari inawaka, ni sawa?

Kwa kutoka barabarani usiku, sawa, gonga kiasi. Ila inamaanisha kaboni zimeisha hazigusi vizuri komyuteta, zile shaba za kwenye amecha zinazopokea umeme, au shaba zinakwama, na mtikisiko unazigusisha kwa muda. Umeshapewa taarifa, peleka gari ndani ya siku chache. Na usigonge kwa hasira, stata nyingi za siku hizi zina sumaku zilizobandikwa kwenye ukuta wa ndani na zinapasuka, hapo ndo utanunua stata kweli.

Inazunguka vizuri tu, nge-nge-nge, lakini haiwaki

Stata imemaliza kazi yake, iache. Tafuta pampu ya mafuta, plagi, sensa ya kranki, imobilaiza ya kuzuia wizi. Kama ni dizeli angalia hita plagi, na usiwe na haraka, subiri ile taa ya koili izime ndo upige.

Nipige stata kwa muda gani?

Sekunde 10 kwa mara moja, isizidi. Alafu acha ipumzike nusu dakika mpaka dakika nzima. Zile wati 1800 nilizosema ziko ndani ya kitu cha ukubwa wa chupa ya chai bila feni yoyote ya kupoza, ukikomaa nayo dakika nzima risasi ya kwenye komyuteta inayeyuka na koili zinaungua, utasikia harufu. Dizeli ni mbaya zaidi maana kompresheni yake ni kubwa, stata yake inakula umeme mwingi zaidi.

Gari ikiwa ya moto stata inagoma, ikipoa inakubali, kwanini?

Waya wa shaba ukipata moto unabana umeme, na stata nyingi ziko jirani na ekzosti. Ukiongeza bushi, zile pete zinazoshikilia shafti, zilizolika zikafanya amecha iguse kuta, au athi ya mashaka mashaka, inatosha kukwama kituo cha mafuta. Anza na nyaya. Na kama juu ya stata kuna oili inavuja, ziba hiyo kwanza, ikiingia kwenye kaboni inakuwa tope.

Naweza kuwasha kwa kusukuma?

Manyuo ndiyo. Ufunguo on, gia ya pili, kanyaga klachi, wasukume mpaka ichanganye, achia klachi ghafla, ikishika kanyaga tena. Hapo matairi ndo yanafanya kazi ya stata. Betri lazima iwe na chochote kidogo cha kuendesha pampu na plagi, ikiwa sifuri kabisa gari ya injekta haiwaki hata mkisukuma kutoka Mbagala mpaka Posta.

Otomatiki usijisumbue. Ndani ya giaboksi kila kitu kinashikwa kwa presha ya hydroliki, na pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe, injini imezima presha hakuna, matairi yanazunguka bila kuigusa injini.

Jinsi ya kubusti bila kuunguza kitu?

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima. Alafu nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wa nyeusi usiweke kwenye betri iliyokufa, weka kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokwama, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri inatoa gesi ya hidrojeni na ile cheche ya mwisho ikitokea juu yake inaweza kulipuka usoni, na ndani kuna asidi. Acha gari nzima iungurume dakika kadhaa ndo upige stata. Usikosee rangi hata sekunde moja, ukigeuza unaunguza dayodi za altaneta na fyuzi kubwa, ukiwa na bahati mbaya na kompyuta. Na usichukue umeme kwa Fuso au lori lolote la volti 24 kuja kwenye gari ndogo, msaada wa dereva wa lori uupokee kwa kuvutwa.

Nimepita kwenye maji, stata imegonga "du" ikakwama

Acha hapo hapo. Toa mkono kwenye ufunguo. Kila masika naletewa hizi, mtu kapita Jangwani maji yamejaa, gari imezima, akapiga stata, ikagonga, akapiga tena na tena. Hewa inakandamizika, maji hayakandamiziki. Maji yakiwa juu ya pistoni na stata inasukuma, kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kutoka chini. Vuta gari, toa plagi zote, ndo uzungushe kwa stata maji yarukie nje kwenye matundu ya plagi, badili oili kama imekuwa rangi ya maziwa. Stata yenyewe ikizama ifunguliwe na kukaushwa wiki hiyo hiyo, ukisubiri bushi na amecha zinashika kutu na inakufa baada ya mwezi hivi ukiwa umeshasahau kuhusu maji.

Ninunue mpya, ya mtumba, au nitengeneze yangu?

Mi nasema tengeneza yako kwanza kama mwili wake ni mzima. Kaboni, bushi, shaba, bendeksi, vyote vinabadilishwa, na stata ya asili iliyotoka na gari ikifanyiwa hivyo inaishi kuliko nyingi za bei rahisi zinazong'aa kwenye boksi. Amecha ikiungua au koili zikiungua hapo ndo utafute nyingine, ingawa kuna mafundi wa kuriwaindi, yaani kusuka koili upya, wazuri Gerezani, na wenzetu Nairobi wanawapata pale Grogan.

Ya mtumba ijaribiwe mbele yako kwa betri iliyojaa. Anayejaribu aikanyage au aibane vizuri, inaruka kama mbuzi. Angalia bendeksi inatoka mbele yote, hesabu meno yalingane na yako, tingisha shafti, ikicheza cheza bushi zimeisha. Jaribio la mezani halina mzigo, kwa hiyo muombe muuzaji muda wa kurudisha kabla hujalipa.

Na kabla ya kufungua stata yoyote, toa temino hasi ya betri. Ule waya mnene hauna fyuzi, spana ikigusa bodi unachomelea hapo hapo, nina kovu la pete kwenye kidole tangu mwaka wangu wa kwanza gereji.

Kabla ya stata watu walifanyaje?

Walipiga hendeli, chuma kilichopinda unachomeka mbele ya injini na kuzungusha kwa mkono. Wazee waliotumia Land Rover na malori ya zamani watakwambia: dole gumba hulizungushii hendeli, unaliweka upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke inavunja mkono. Mmarekani Charles Kettering ndo alitengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, Ford Model T wakaanza kuipata 1919. Wazo lake lilikuwa kwamba mota ikifanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo ambao mota ya siku nzima ingeungua nao. Na hili neno bendeksi tunalolitaja kila siku ni jina la mtu, Vincent Bendix, aliyebuni mtambo wa kagia kanakoingia na kutoka chenyewe.

Aqua yangu ina stata?

Hapana, sio ya aina hii. Aqua na Prius injini inazungushwa na mota jenereta iliyo ndani ya transmisheni, inayotumia betri kubwa ya haibridi, maana hizi ni gari zenye injini na mota ya umeme pamoja, ndo maana injini inawaka kimya bila nge-nge-nge yoyote ukiwa unatembea. Lakini ile betri ndogo ya volti 12 bado ipo, kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma, na ndo inayoamsha kompyuta na kufunga rilei za betri kubwa. Ikilala hiyo, gari nzima imelala hata kama betri kubwa imejaa. Kwa hiyo Aqua ikikataa kuandika Ready, pima kale kabetri kwanza.